Sura ya Nne: Kazie ya Mtu wa Katoyi

Katoyi, komine ya Karisimbi mjini Goma, mashariki mwa Kongo, mtu anayetafuta kazi hutambulika kwa bahasha ya plastiki. Huibana kwapani anapopanda pikipiki, huificha ndani ya koti mvua inaponyesha, maana kilichomo kimemgharimu: diploma ya D6 ya kumaliza sekondari, CV iliyochapwa kwenye kibanda cha sekretariati, kopi ya kadi ya mpiga kura, picha mbili ndogo. Kisha zipo karatasi mbili ambazo si kila tangazo la kazi huzidai, ila zikidaiwa ndizo zinazomnyima mtu usingizi. Moja ni cheti cha mwenendo mwema, kinachotolewa na ofisi ya utawala. Ya pili hutoka upande wa sheria, kwenye parke, yaani ofisi ya waendesha mashtaka, nayo hueleza kama mahakama imewahi kumtia hatiani mwenye jina hilo. Watu wa Goma, waliozoea Kifaransa cha ofisini, huiita kazie.

Neno hilo lilitokana na samani. Kwa Kifaransa ni kabati la vijumba vijumba, kama lile la kupangia barua posta. Mwaka 1848 mwanasheria wa mahakama za Ufaransa, Arnould Bonneville de Marsangy, alitafuta dawa ya tatizo moja: mhalifu aliyehukumiwa mji huu alihamia mji wa pili, akaonekana msafi kama mtoto mchanga. Alipendekeza kila hukumu itumwe kwenye mahakama ya mahali mtu alipozaliwa, iwekwe ndani ya kijumba kwa kufuata herufi ya jina lake. Mwaka 1850 serikali ya Ufaransa iliupokea mpango huo. Baadaye ulienea nchi nyingine za Ulaya, na Wabelgiji wakaja nao Kongo.

Inafaa kukumbuka kwamba mtu huyohuyo aliyebuni kabati la hukumu ndiye aliyepigania pia mfungwa aachiwe mapema kwa masharti akionyesha kubadilika, na heshima yake irudishwe. Alitaka kumbukumbu, na alitaka pia mlango wa kurudi. Dunia ilipokea kabati haraka kuliko ilivyopokea mlango.

Mpango wa Bonneville ulisimama juu ya nguzo mbili: kwamba mtu ana mahali pa kuzaliwa panapojulikana na serikali, na kwamba kosa lake lilifika mahakamani likaandikwa. Goma nguzo zote mbili zinayumba. Hesabu ya mwisho ya watu nchini Kongo ilifanyika mwaka 1984. Tangu hapo kizazi kizima kimezaliwa, kimesoma, kimeoa na kuzaa, na kitambulisho chake cha kila siku ni kadi ya mpiga kura. Familia nyingi za mjini zilitoka Masisi, Rutshuru na Walikale, nyingine zikikimbia vita na vitu vichache kichwani. Jina la Katoyi lenyewe ni jina la sekta moja ya Masisi. Mtoto aliyezaliwa njiani wakati wa kukimbia ana kijumba gani kwenye kabati la hukumu? Na akina Bahati, Furaha na Amani wanaoishi kwenye avenue moja, nani atamhakikishia mwajiri kwamba Bahati aliyehukumiwa ndiye Bahati aliyeleta dosie, ile bahasha ya maombi?

Ndiyo maana Katoyi watu wana kazie ya pili, isiyo na muhuri. Inaitwa Munzenze.

Munzenze ni gereza kuu la Goma. Lilijengwa kwa ajili ya wafungwa mia chache, likaja kubeba maelfu. Kama ilivyo kwenye magereza mengi ya Kongo, walio wengi ndani yake walikuwa mahabusu, watu wanaongoja kusikilizwa, wengine kwa miezi na miaka. Kuna aliyeshikwa kwa deni, kuna aliyeshikwa kwa ugomvi wa kiwanja, na kuna aliyeshikwa kwa sababu polisi walipofika kumtafuta ndugu yake walimkuta yeye. Ibara ya 18 ya Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inasema mtu asikae mikononi mwa polisi zaidi ya saa 48 bila kufikishwa mbele ya mamlaka ya sheria. Ibara ya 17 inasema kila mshtakiwa ni mtu asiye na hatia hadi hukumu ya mwisho itakaposema vinginevyo. Mtaani ibara hizo hazijulikani. Kinachojulikana ni kwamba fulani alipelekewa chakula Munzenze, kwamba mama yake alionekana akienda na bakuli la fufu na sombe limefungwa kwa kitambaa.

Mahabusu anapotoka bila kuhukumiwa, kazie yake inabaki nyeupe kabisa. Kisheria hana doa. Lakini akiomba kazi ya kulinda depo ya vinywaji, mwenye depo hatauliza parke. Atauliza majirani, nao watasema neno moja tu, Munzenze, na mazungumzo yatakuwa yameisha hapo. Lisemwalo lipo, watu hujisemea. Methali hiyo ni nzuri kwa mambo mengi, ila haipaswi kutumika kumnyima mtu kazi, maana kinachosemwa hapa ni kwamba alifungiwa, na kufungiwa Munzenze hakujawahi kuwa ushahidi wa kutenda.

Mambo yalizidi kuchafuka kwa kutoroka kwa wafungwa. Mwezi Novemba 2012, waasi wa M23 walipokaribia kuingia Goma, wafungwa zaidi ya elfu moja walitoka Munzenze. Mwezi Oktoba 2020, gereza la Kangbayi huko Beni lilivamiwa alfajiri na zaidi ya 1,300 wakakimbia. Kisha ikaja tarehe 27 Januari 2025, siku M23 waliporudi kuuteka mji. Maelfu walitoka Munzenze, moto ukawaka, na wanawake zaidi ya 100 waliokuwa wamefungwa humo wakabakwa; wengi wao waliteketea, kwa mujibu wa Umoja wa Mataifa. Hao walioteketea hawakupata hata nafasi ya kutafuta kazi tena, na sura inayozungumzia wafungwa wa Goma haiwezi kupita bila kuwakumbuka.

Waliosalimika walirudi mitaani. Miongoni mwao wamo wauaji wa kweli, na hofu ya wakazi wa Katoyi kuhusu wizi wa usiku haikuzuka hewani. Wamo pia watu ambao hawakuwahi kusimama mbele ya hakimu. Wote wametoka kwa mlango mmoja na wanaitwa kwa jina moja. Tangu siku hiyo mji uko chini ya utawala wa waasi hao, AFC/M23, na si wa serikali ya Kinshasa, hivyo mtu anayetaka kusafishwa jina na mahakama ya Jamhuri iliyompeleka gerezani hana pa kubisha hodi Goma. Benki zilifunga milango, uwanja wa ndege ukasimama, na misaada ya Marekani iliyokuwa ikilisha mashirika mengi ilikatwa mwanzoni mwa mwaka huohuo. Kazi zilipungua wakati ule ule watu waliozihitaji walipoongezeka.

Mashirika, ambayo Goma huitwa ONG, yalikuwa kwa miaka mingi ndiyo waajiri ambao kila bahasha ya plastiki iliwaota. Ndiyo pia yaliyodai karatasi nyingi kuliko wote. Hata hivyo, kisa kikubwa zaidi cha jinsi karatasi safi inavyoweza kudanganya kilitokea kwao.

Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa Ebola katika jimbo la Kivu Kaskazini, mlipuko wa kumi nchini Kongo. Uliendelea hadi tarehe 25 Juni 2020, na mwezi Julai 2019 ulifika Goma yenyewe. Vita dhidi ya ugonjwa huo viliitwa Riposte. Kila aliyekuwa Beni, Butembo au Goma wakati ule analijua neno hilo na anajua lilileta nini: magari meupe, malipo ya dola, na kazi za ghafla kwa madereva, wafuaji, wahamasishaji, wapishi na walinzi. Watu waliajiriwa haraka kwa sababu ugonjwa ulikuwa unaua haraka.

Mwezi Septemba 2020, waandishi wa The New Humanitarian na wa Thomson Reuters Foundation walichapisha ushuhuda wa wanawake zaidi ya 50 wa Beni. Walisema wanaume wa Riposte waliwataka ngono ili wawape kazi, au ili wasiwafukuze kazini. Shirika la Afya Duniani liliunda tume huru, na mmoja wa wenyeviti wake wawili alikuwa Julienne Lusenge, Mkongo aliyetumia maisha yake kutetea wanawake wa mashariki. Ripoti ilitoka tarehe 28 Septemba 2021. Ilitaja watuhumiwa 83, na 21 kati yao ilithibitika walikuwa wameajiriwa na Shirika la Afya Duniani lenyewe.

Hapo ndipo mtu anapaswa kutulia na kufikiri. Mlinzi wa Katoyi aliyekaa Munzenze miezi minne kwa deni la jirani angenyimwa kazi katika Riposte, lakini mtu aliyefukuzwa nchi nyingine kwa kudhalilisha wasichana angeweza kuipata, kwa sababu kufukuzwa kazi si hukumu, na kisicho hukumu hakiingii kwenye kazie. Karatasi ya mahakama haikuwa na namna ya kumzuia.

Mashirika yalikuwa tayari yameanza kujifunza somo hilo baada ya kashfa ya shirika la misaada la Oxfam. Mwezi Februari 2018 gazeti la The Times la London lilifichua kwamba wafanyakazi wa Oxfam waliwanunua makahaba Haiti baada ya tetemeko la 2010, na kwamba baadhi yao waliondoka kimyakimya wakaajiriwa kwingine. Umoja wa Mataifa ulianzisha hifadhi ya majina iitwayo ClearCheck, ili aliyefukuzwa na tawi moja kwa makosa ya kingono asipokewe na tawi jingine. Mwaka 2019 mashirika yasiyo ya serikali yaliingia kwenye mpango wao, ambamo mwajiri mpya humwuliza mwajiri wa zamani: je, katika miaka mitano iliyopita mtu huyu alipatikana na hatia ya unyanyasaji wa kingono? Swali hilo linalenga kosa moja, linahusu muda unaojulikana, na linaulizwa kwa mtu mwenye jibu. Kazie haina hata moja kati ya sifa hizo.

Kwa upande wa aliyehukumiwa kweli, akatumikia kifungo na kutoka, Kongo ina mfano ambao kila mtoto wa shule anaujua nusu.

Patrice Lumumba alikuwa karani wa posta Stanleyville, mji unaoitwa leo Kisangani. Wakati huo Wabelgiji walikuwa na mizani yao ya kupima tabia. Mwaka 1948 walianzisha kadi ya sifa ya uraia kwa Mkongo waliyemwona "ameendelea". Mwombaji alitakiwa asiwe na wake wengi, ajue kusoma na kuandika, na asiwe na hukumu ya makosa fulani. Lumumba alipanda ngazi hizo moja moja. Mwezi Julai 1956, mara tu aliporudi kutoka ziara ya Ubelgiji, alikamatwa kwa kosa la kuchukua fedha za posta, kiasi cha franga 126,000. Alihukumiwa miaka miwili, baadaye ikapunguzwa, na mwezi Septemba 1957 akatoka.

Alikuwa na umri wa miaka 32, ana familia, ana hukumu ya fedha, na mji mzima unajua. Mwajiri gani angempokea? Alikwenda Léopoldville, Kinshasa ya leo, na kiwanda cha bia cha Bracongo kikampa kazi ya kuuza na kutangaza bia ya Polar. Alizunguka kwenye baa za mji akizungumza na watu, na walevi na wasio walevi wakamsikiliza. Kiwanda kilihitaji mtu wa maneno na kilimpata. Tarehe 30 Juni 1960, chini ya miaka mitatu tangu atoke gerezani, Lumumba alisimama mbele ya Mfalme Baudouin wa Ubelgiji akiwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Kongo.

Kisa hiki kikisimuliwa Goma, watu hukumbuka hotuba ya Juni 30 na kifo cha Januari 1961. Ni wachache wanaomkumbuka aliyempa kazi kiwandani. Hakuwa mtakatifu, alikuwa mfanyabiashara wa bia. Lakini alitazama kazi aliyokuwa nayo, akamtazama mtu aliyesimama mbele yake, akaona vinafaana.

Kwingine duniani jambo hili limepimwa kwa hesabu. Mwaka 2003 mwanasosholojia Devah Pager alichapisha utafiti wa mji wa Milwaukee, Marekani. Alituma vijana kuomba kazi wakiwa na maelezo yanayolingana, tofauti ikiwa rangi ya ngozi na hukumu ya dawa za kulevya. Mzungu asiye na hukumu aliitwa na waajiri 34 katika kila 100. Mwenye hukumu aliitwa na 17. Mweusi asiye na hukumu aliitwa na 14, na mweusi mwenye hukumu na 5. Mweusi msafi alikuwa nyuma ya mzungu aliyetoka jela. Mtu wa Katoyi anaielewa tarakimu hiyo bila kufika Marekani, kwa sababu anajua waajiri wanaosoma jina la kabila kabla ya kusoma diploma.

Mwaka 2009 Alfred Blumstein na Kiminori Nakamura waliuliza swali jingine: inachukua miaka mingapi hadi mtu aliyewahi kukamatwa asiwe hatari kuliko wenzake wa umri wake? Walifuatilia watu waliokamatwa jimbo la New York mwaka 1980. Kwa kijana aliyekamatwa na miaka 18 kwa unyang'anyi, jibu lilikuwa miaka 7.7. Kwa aliyevunja nyumba, miaka 3.8. Baada ya hapo, akiwa hakukamatwa tena, hatari yake inalingana na ya mtu yeyote wa rika lake. Basi kwenye kazie tarehe ni muhimu kama kosa lenyewe, na ndiyo sehemu ambayo macho ya mwajiri huiruka.

Wenzetu wa Kenya wamejaribu kurekebisha wakati wa kuuliza. Cheti cha tabia njema hutolewa na idara ya upelelezi, DCI, baada ya alama za vidole na malipo, na kwa miaka mingi vijana walikilipia pamoja na vyeti vingine kabla hata ya kuitwa kwenye usaili. Sheria ya Ajira ilirekebishwa mwaka 2022, na sasa mwajiri haruhusiwi kudai vyeti hivyo kabla hajakusudia kumpa mwombaji mkataba wa maandishi. Karatasi inakuja mwisho, baada ya mwajiri kumwona mtu.

Kongo nayo ina mbegu ya wazo hilo ndani ya sheria zake, ingawa iko upande wa biashara. Tangu mwaka 2012 nchi ni mwanachama wa OHADA, umoja wa sheria za biashara barani. Mtu anayejiandikisha kuwa mfanyabiashara anaruhusiwa kuanza kwa kiapo alichosaini kwamba hakuna hukumu inayomzuia, kisha ana siku 75 za kuleta kazie yenyewe. Sheria inamwamini kwanza, halafu inamkagua. Haieleweki kwa nini anayefungua duka aaminiwe hivyo na anayeomba kufagia duka hilohilo asiaminiwe.

Ukweli ni kwamba Katoyi waajiri wengi si ONG wala serikali. Ni mama mwenye alimentasio (duka la vyakula) kwenye kona, mwenye pikipiki anayetafuta motari (dereva) wa kumletea versema (malipo ya siku) kila jioni, familia inayotafuta zamu (mlinzi) wa kulala getini, fundi seremala mwenye vijana watatu. Hawa hawaombi kazie. Huuliza: nani anakujua? Mchungaji akisema neno, shemeji akisimama dhamana, kazi inapatikana. Utaratibu huo una ubora wake, maana mdhamini anamjua mtu kwa miaka na ana cha kupoteza akidanganya. Una ubaya wake pia. Mkimbizi wa vita aliyefika jana hana mdhamini, na aliyepita Munzenze amewapoteza aliokuwa nao.

Mwenye pikipiki ana haki ya kuuliza. Pikipiki ni mali, aliikusanyia pesa kwa miaka, na motari akitoroka nayo hakuna mahakama itakayomrudishia. Lakini aulize linalomhusu. Mtu aliyehukumiwa kwa kuiba pikipiki mwaka jana na mtu aliyefungwa miaka tisa iliyopita kwa kupigana baa si mtu mmoja, hata kama wote walikula chakula cha Munzenze. Kwa kazi ya kulea watoto, hukumu ya ubakaji haina mjadala: mlango ufungwe, na ufungwe daima. Kwa kazi ya kuchonga milango, deni la zamani lina uhusiano gani na randa?

Ibara ya 36 ya Katiba inasema kazi ni haki na ni wajibu mtakatifu wa kila Mkongo. Haijaweka maneno "isipokuwa aliyefungwa".

Kwa hiyo, wewe unayeajiri Goma, iwe ni watu mia au ni zamu mmoja wa getini: dosie ikifika mbele yako na jina la Munzenze likitajwa, usiifunge bado. Uliza kama kulikuwa na hukumu au ni mahabusu tu. Ikiwa hukumu ipo, soma ni ya kosa gani, tazama tarehe, pima na kazi uliyonayo, kisha mwite mwenyewe aeleze kwa kinywa chake. Mpe kiti, na umsikilize hadi amalize.